Maswali ya Wasomaji: Wameajiriwa, Lakini Hawamo

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi ni ofisa rasilimali watu. Siku hizi tunaajiri wanawake na watu wenye ulemavu wengi kuliko zamani, na kila mwaka wafanyakazi wote hupitia semina ya lazima kuhusu ujumuishaji. Hata hivyo wengi wao huacha kazi mapema, na wanaobaki hawapandi vyeo. Tunakosea wapi?

JIBU: Semina iacheni kwanza. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichambua takwimu za kampuni zaidi ya 800 za Marekani. Walikuta kwamba miaka mitano baada ya mameneja kulazimishwa kuhudhuria mafunzo ya aina hiyo, uwiano wa wanawake Weupe na wanaume Weusi katika uongozi haukupanda, na wa wanawake Weusi ulishuka. Mtu akiburutwa darasani kwenda kuambiwa ana upendeleo, hutoka amenuna.

Sisi tungeanza na mgawanyo wa kazi. Chukueni majukumu ya idara moja ya miezi sita iliyopita, myatenge mafungu mawili: yanayomfikisha mtu mbele ya wakubwa (kuwasilisha ripoti kwa bodi, kumhudumia mteja mkubwa, kukaimu nafasi ya mkuu wa idara) na yanayoiweka ofisi sawa tu (kuandika muhtasari wa vikao, kuandaa hafla za kuaga, kuwatembeza wageni). Mbele ya kila jukumu andikeni jina la aliyelifanya. Mara nyingi karatasi hiyo moja inaeleza kwa nini fulani hapandi: hakuna mkubwa aliyewahi kumwona akifanya jambo zito. Meneja atajitetea kwamba alimpa anayeweza. Muulizeni huyo anayeweza alijifunzia wapi, kama si kwenye kazi kama hiyo aliyopewa siku ya kwanza bila kuijua.

Mkishaona hali ilivyo, kazi za fungu la pili ziende kwa zamu, wanaume na wanawake, bila kusubiri anayejitolea. Anayejitolea huwa ni yuleyule. Za fungu la kwanza zitangazwe ndani ya idara walau siku tano kabla ya kugawiwa. Vigezo vya kupanda cheo viandikwe kabla jina lolote halijatajwa mezani, maana vikiandikwa baadaye hukatwa kwa kipimo cha mtu ambaye tayari yuko moyoni.

Kuhusu wenye ulemavu, angalieni fedha za vifaa vyao zinatoka wapi. Kisoma skrini (programu inayomsomea asiyeona maandishi ya kompyuta kwa sauti) au mkalimani wa lugha ya alama akilipiwa na bajeti ya idara, mkuu wa idara atamwona mwajiriwa huyo kama gharama. Wekeni mfuko mmoja wa taasisi nzima, na ombi lijibiwe ndani ya siku kumi za kazi.

Hesabuni pia kwa hatua: walioomba kupandishwa, walioitwa kwenye usaili, waliopata, na walioondoka kabla ya kutimiza miezi 18. Kundi likiwa na watu chini ya watano, takwimu zake zisisambazwe, kwani kila mtu atajua ni nani anayezungumziwa. Anayeondoka naye asihojiwe na bosi wake wa karibu. Hatasema kweli, hasa kama bado anahitaji barua ya sifa.

SWALI: Ofisini kwetu tuna chakula cha mchana cha pamoja ili watu wafahamiane, lakini kila mmoja hukaa na wenzake wa siku zote. Mtaji wa kijamii, yaani mahusiano na kuaminiana kunakowafanya watu wasaidiane, unajengwaje?

JIBU: Kwa kazi, si kwa sahani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alitaja mambo manne yanayofanya kukutana kupunguze chuki kati ya makundi: hadhi sawa, lengo moja, kushirikiana, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Mlo wenu una hilo la mwisho tu.

Undeni vikundi vya watu wanne hadi sita kutoka idara tatu tofauti, mvipe tatizo la kweli lenye bajeti, na muda wa wiki sita hadi nane. Mwenye cheo kikubwa asiwe mwenyekiti. Vikutane saa za kazi: vikiwekwa jioni, mnawafungia nje wenye watoto wadogo na wanaoishi mbali. Msimweke mwanamke mmoja peke yake katika kila kikundi ili orodha ipendeze. Mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter alionyesha mwaka 1977 kwamba mtu wa pekee hugeuzwa msemaji wa kundi lake zima. Bora vikundi viwili vyenye wanawake wawili wawili.

Wala msisikitike urafiki wa dhati usipozaliwa. Utafiti wa mwanasosholojia Mark Granovetter wa 1973 ulieleza kwamba habari mpya, zikiwemo za nafasi za kazi, hupita zaidi kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua.

SWALI: Vikaoni wanaongea watatu tu, wengine kimya. Niwalazimishe?

JIBU: Hapana. Tuma ajenda saa 24 kabla, na kama kuna mkalimani, naye apate nyaraka zote. Swali likishaulizwa, toa dakika tatu kila mtu aandike jibu lake, kisha zunguka meza ukianzia kwa wa cheo cha chini. Wewe sema mwisho. Na wazo la mtu likirudiwa na mwingine kana kwamba ni lake, mtaje mwenyewe papo hapo, kisha umwombe aliendeleze.