Kivuli cha trekta dogo: tulivyotengeneza cha kwetu Mbarali

Msimu wa kulima majaruba ya mpunga huku Usangu, mkoani Mbeya, unaangukia miezi yenye jua la kuunguza. Kuanzia Novemba mpaka Januari trekta halipumziki: mvua zikishachanganya, kila mkulima anataka shamba lake liguswe wiki hiyo hiyo, na dereva anapanda kitini alfajiri asishuke mpaka giza liingie. Matrekta madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, haya ya hospawa 20 hadi 30, mengi hufika bila paa lolote. Mwenye mali ananunua rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka nyuma ya trekta kuvuruga udongo, ananunua magurudumu ya chuma ya kwenye tope, dereva anaambiwa avae kofia. Hilo linaniuma. Dereva aliyepigwa na jua mchana kutwa huchelewa kuinua rotaveta anapofika kwenye tuta, hukata kona karibu mno na mfereji, na jioni kichwa kinamgonga. Kivuli ni kifaa cha kazi, na fundi yeyote wa kuchomelea mageti anaweza kukitengeneza mkisimamiana vizuri.

Kabla ya kununua chuma, lielewe jambo hili moja: paa la kivuli halimkingi dereva trekta likipinduka. Kinachomkinga ni ile fremu nene ya kiwandani inayosimama nyuma ya kiti, iliyopimwa kubeba uzito wa trekta lenyewe, pamoja na mkanda wa kiti. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Trekta lililokwama kwenye tope, dereva akakanyaga mafuta kwa nguvu, linaweza kuinua pua na kulala kinyumenyume bila kufika hata sekunde mbili. Vibomba vya mraba vya kushikilia bati vitakunjika papo hapo. Kwa hiyo kama una uwezo wa kupata fremu halisi ya trekta lako, anza na hiyo, paa lifuate. Fundi wa mtaani asikutengenezee fremu ya namna hiyo kwa kukadiria na macho, hata awe hodari namna gani. Na kama trekta halina fremu ya kinga, usimfunge dereva mkanda kwenye nguzo za kivuli. Utakuwa umemfunga kwenye hatari.

Wenye fremu tayari wana kazi nyepesi: paa linashikwa kwenye fremu hiyo kwa yubolti, yaani bolti zilizopinda kama herufi U, na vibao vya chuma. Usiitoboe, usiichomelee. Tundu linapunguza nguvu ya chuma, na joto la kuchomelea linabadilisha tabia yake pale pale inapotakiwa ihimili. Yubolti nne zilizokazwa vizuri zinatosha kabisa.

La kwetu halina fremu, kwa hiyo tuliweka nguzo nne. Za nyuma mbili zimesimama kwenye vibao vya chuma vya milimita 10 vilivyofungwa kwa yubolti juu ya nyumba ya ekseli, kila upande. Wengi hupenda kufunga kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika matairi ya nyuma, kwa sababu yako karibu na yana nafasi, lakini madigadi ya matrekta haya ni bati jembamba; mtikisiko wa rotaveta utalipasua kuzunguka bolti zote. Nguzo za mbele zimefungwa kwenye bolti zinazoshikilia mahali pa kukanyagia, zikapinda kidogo kwenda mbele ya magoti. Kabla ya kuchomelea chochote, mwambie dereva mwenyewe apande na kushuka mara kadhaa huku nguzo zimeshikiliwa kwa mkono. Upande wa kushoto anaopandia usimbane, na mguu wa kila upande ufike kwenye pedeli bila kugusa chuma.

Sasa kimo, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kivuli chao. Paa refu linapendeza kwa macho, ila kivuli chake kinamkimbia dereva. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi, yaani nyuzi 45, kivuli kinasogea pembeni kwa umbali ule ule paa lilivyo juu ya kitu kinachotakiwa kufunikwa. Kwetu Mbarali, kwa vile tuko magharibi ya nchi, jua msimu huo linafika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, si saa sita kamili. Hivyo nyuzi 45 zinaangukia kama saa nne kasoro asubuhi na saa kumi kasoro alasiri. Chukua paa lenye upana wa sentimita 120, dereva akikaa katikati. Kifua chake kikiwa sentimita 50 chini ya paa, saa kumi kasoro kivuli kimesogea sentimita 50 na bado kifua kimo ndani, japo bega moja limeanza kuchungulia nje. Ukiliinua paa hilo sentimita 40 zaidi, kifua kizima kiko juani saa hiyo hiyo, na fedha ni zile zile.

Kwa hiyo mpime dereva amekaa, kiti kimebonyea kwa uzito wake, kofia kichwani, halafu ongeza sentimita 15 kwa ajili ya kurushwa anapovuka matuta. Kwetu ilitoka mita 1 na sentimita 10 kutoka kitini. Kama trekta linaendeshwa na watu wawili, mpime aliye mrefu. Urefu wa paa kwenda mbele tuliupa mita 1 na nusu, ukaishia juu ya usukani. Upana usizidi matairi ya nyuma, la sivyo utakwaruza kila mti wa mpakani.

Angalia pia ekzosi. Kama imesimama wima juu ya boneti, mdomo wake usiwe chini ya paa, maana moshi utakusanyika pale pale dereva anapovuta pumzi. Ama paa liishie nyuma yake kwa nafasi ya kutosha, ama bomba liongezwe lipite juu ya paa. Pande zote za kivuli ziache wazi. Upepo wa Usangu ni nusu ya faida.

Kuhusu vifaa, uzito wa juu ndio adui, kwa sababu kila kilo inayowekwa juu inaliongezea trekta uwezekano wa kulala kwenye mteremko. Nguzo tulitumia bomba za mraba za milimita 40 kwa 40 zenye unene wa milimita 2, ambazo ni kama kilo 2.4 kwa mita. Fremu ya paa ni za 25 kwa 25, unene milimita 1.5, takribani kilo 1.1 kwa mita. Juu ni bati bapa la milimita 0.4, kilo 3 na kidogo kwa kila mita ya mraba. Jumla yote haikufika kilo 35 pamoja na vishikizo. Ukiweka plaiwudi ya milimita 12 badala ya bati, uzito wa kifuniko unazidi maradufu, na mvua ikiilowesha unaongezeka tena.

Lakini bati tupu linachemka, na joto lake linashuka kichwani. Dawa tuliichukua kwenye Land Rover za zamani, zile zilizokuwa na bati la pili juu ya paa na uwazi katikati wa kupitisha hewa. Bati la juu linapokea jua, upepo unapita, la chini linabaki na joto la kawaida. Sisi uwazi ni sentimita 4, na safu ya chini si bati, ni neti ya kivuli ya vitalu vya miche iliyovutwa ikakaza. Upande wa juu wa bati paka rangi nyeupe. Upande wa chini weka rangi nzito isiyong'aa, maana maji ya kwenye jaruba yanarusha mwanga juu, na bati jeupe chini linaurudisha machoni pa dereva. Kwa sababu hiyo hiyo kofia na mikono mirefu vinabaki vinahitajika. Asiye na uwezo wa bati aanze na turubai zito la lori kwenye fremu ile ile, ila alikaze sana. Turubai linalopigapiga linajichana lenyewe.

Kazi ya kuchomelea ifanyike chini, mbali na trekta. Kama ni lazima mchomelee kishikizo kikiwa juu yake, toa kwanza waya za betri, funika tangi la mafuta na mipira ya haidroliki, na klampu ya ethi iwekwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Umeme ukipita kwenye beringi ili urudi kwenye mashine, unaziunguza, na utalipa gharama hiyo miezi baadaye bila kujua ilikotoka. Kila kona iwe na kipembe cha chuma, na nguzo za nyuma ziungwe kwa bomba la mshazari, bila hivyo paa zima litacheza kushoto na kulia. Chini ya kila kishikizo weka kipande cha tairi kuukuu. Tumia nati zenye plastiki ndani. Za kawaida zitafunguka kwa mtikisiko. Baada ya siku ya kwanza ya rotaveta kaza zote upya, kisha angalia weldi za chini kila wiki, hasa pale nguzo inapokutana na kibao, kwani nyufa huanzia hapo.

Paa lenyewe lifungwe kwenye nguzo kwa bolti, lisichomelewe moja kwa moja. Trekta likipakiwa kwenye lori kwenda kulima kijiji kingine, livue, lilaze kwenye bodi, na kamba za kufungia zishike ekseli na chesisi, kamwe zisishike nguzo za kivuli.