Maswali ya Wasomaji: Safari ndefu ya Ulaya, tuondoke mwezi gani?

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi na mume wangu tumestaafu wote wawili na tumejipanga tukatembee Ulaya kama wiki kumi au kumi na moja hivi, mara moja tu lakini kwa nafasi. Tunataka tuone milima na maji ya Norway, Amsterdam, Paris, Italia, alafu tumalizie Ugiriki, na mzee anataka kuogelea baharini, hilo ameshasema halina mjadala. Watoto wanatuambia nendeni Julai na Agosti ndo kiangazi chenyewe, rafiki yangu anasema subirini Desemba bei ziko chini. Mimi foleni ndefu siziwezi na mzee magoti yanamsumbua akisimama sana. Tushike lipi?
Mama Msafiri

JIBU: Shikamoo mama, na mzee naye mfikishie shikamoo yangu. Msishike hata moja kati ya hayo mawili. Ondokeni mwisho wa Agosti, anzieni kaskazini kabisa, alafu mshuke taratibu kwenda kusini mpaka mwanzoni mwa Novemba. Safari ya wiki moja unachagua mwezi, lakini wiki kumi na moja mtapita misimu miwili mpende msipende, kwa hiyo cha kuchagua ni mnaanzia upande gani. Baridi ya Ulaya inaanzia juu inashuka, na nyie mkishuka nayo itakuwa nyuma yenu hatua chache siku zote.

Hiyo ya Julai nawaelewa watoto, wanaona picha za jua na bahari ya bluu. Mimi niliwahi kufika Sevilla mwezi huohuo wa Julai, saa tisa alasiri, natoka stesheni ya treni nikainua macho kwenye ule msalaba wa kijani wa duka la dawa, kule Uhispania mingi inaonyesha saa na joto, umeandika 43. Mtaa mzima madirisha yamefungwa, hamna mtu, wenyeji wako ndani wanasubiri saa tatu usiku ndo watoke wakale, wanaozunguka na chupa za maji ni wageni tu. Athens nako miaka ya karibuni, 2023 kwa mfano, joto lilizidi mpaka Acropolis, yale magofu ya kale juu ya kilima, ikawa inafungwa masaa ya mchana, sasa fikiria mzee na magoti yake amepanda mpaka getini anaambiwa rudi jioni. Na Agosti ndo mwezi ambao wenyeji wenyewe wanaenda likizo, Paris unakuta duka lako la mkate limebandika karatasi mlangoni tutarudi Septemba, Italia tarehe 15 Agosti ni sikukuu na nchi nzima iko ufukweni, yaani hoteli za pwani zimejaa na bei zimepaa.

Desemba nayo mama, bei zinashuka kweli baadhi ya sehemu, ila wiki za masoko ya Krismasi miji kama Strasbourg na Vienna inajaa na vyumba vinakuwa ghali. Alafu kuna mwanga. Bergen, mji wa Norway, katikati ya Desemba jua linachomoza kama saa nne kasorobo asubuhi na saa tisa na nusu mchana limeshazama, sasa hiyo milima na maji mtaviona saa ngapi? Na visiwa vya Ugiriki karibu vyote vya kitalii hoteli zimefungwa, boti zimepunguzwa, na kuogelea ndo sahau.

Kwa hiyo tupange hivi. Wiki ya mwisho ya Agosti muwe Norway, shule zao zimeshafunguliwa kwa hiyo familia zimepungua kwenye treni na boti, na jua bado linazama kama saa tatu kasoro usiku. Nikuambie ukweli maporomoko ya maji hayatakuwa na nguvu kama Mei na Juni theluji inapoyeyuka, na Bergen mvua ni ya mara kwa mara, zaidi ya siku 200 kwa mwaka, bebeni makoti ya mvua ya maana maana mwavuli kwenye upepo wa kule haufiki mbali.

Septemba mshuke Copenhagen, Amsterdam, alafu Paris ifikapo katikati ya mwezi. Msicheleweshe Paris mpaka mwisho wa Septemba kwa sababu ile wiki ya mitindo inaanza na hoteli zinapandisha. Na kutoka hapo kwenda Italia msipitie München ya Ujerumani kulala, Oktoberfest, ile sherehe yao kubwa ya bia, inaanza Septemba mji unafurika na kitanda cha kawaida kinauzwa kama cha kifahari, pitieni Uswisi, milima iko wazi na hewa imetulia.

Italia ndo mtafurahi. Mwisho wa Septemba mkoa wa Toscana wanavuna zabibu, unapita na basi unaona matrekta madogo yanavuta matela yaliyojaa na barabara yote inanukia ule utamu unaoanza kuchacha. Ila kuna kitu wageni hawaambiwi, Italia ina tarehe za kisheria za kuwasha vipasha joto vya majengo, miji mingi ya kaskazini kama Milano na Bologna ni kuanzia 15 Oktoba, kwa hiyo mkipanga nyumba tarehe 8 usiku ukawa na baridi mnaweza kukuta hakiwaki na mwenye nyumba hana kosa, ombeni blanketi la ziada mapema. Roma ipiteni katikati ya Oktoba, Novemba ndo mvua inakuwa nyingi.

Kisha nusu ya pili ya Oktoba kaeni Krete, kisiwa cha Ugiriki, hapo mzee atapata bahari yake. Watu wengi wanadhani Mei na Oktoba ni sawa kwa sababu hewa inafanana, lakini bahari inachelewa kupata joto na inachelewa kupoa, Mei maji ya Krete yako kama 19 au 20 hivi, Oktoba yamebaki na joto la kiangazi kizima, kama 23. Hii peke yake ingetosha mimi kuwapeleka nyie mapukutiko na siyo machipuko. Ondokeni kisiwani tarehe 31 au kabla maana hapo ndo hoteli nyingi zinafunga msimu, mkamalizie Athens. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, jioni inakuja ghafla, kwa hiyo Acropolis nendeni asubuhi, kuanzia Novemba wanafunga saa kumi na moja jioni. Ipo lifti kwa wenye shida ya kupanda, ulizieni bila aibu.

Mkiingia tarehe 25 Agosti na kutoka 7 Novemba ni siku 75, ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, inaruhusu mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini angalieni siku zilizoandikwa kwenye viza yenu wenyewe maana wanaweza kuwapa pungufu. Norway na Uswisi haziko Umoja wa Ulaya ila ziko Schengen, kwa hiyo zimo kwenye hesabu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yaani nyie mwisho wa Februari muwe na makaratasi tayari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Tafadhali mama hili msiliache mpaka Juni, wakati huo kila mtu anagombania miadi.

SWALI: Mambo, mi nimemaliza chuo, nina bajeti ndogo na mwezi mmoja tu, Januari mpaka Februari. Niahirishe?

JIBU: Poa mdogo wangu, usiahirishe kabisa. Ukishapita mwaka mpya bei za vyumba mijini zinashuka, kaa tu mbali na sehemu za kuteleza kwenye theluji na Venice wakati wa karnivali. Siku ni fupi kwa hiyo panga makumbusho, Prado ya Madrid kwa mfano ni bure saa mbili za mwisho kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa kumi na moja. Baada ya hapo shuka Andalusia, kusini mwa Uhispania. Ileile Sevilla niliyomwambia mama aikimbie Julai, Februari mchana inacheza kwenye 17 au 18, unatembea na sweta moja, na michungwa ya barabarani bado ina machungwa yake, usiyachume tu ule, ni machungu sana.