Ukialikwa kuwinda na Wainuiti, chunga jasho kuliko baridi

Wainuiti, wenyeji wa asili wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, wakikualika kwenda nao kuwinda sili, mnyama wa baharini, huenda wakakuazima nguo za ngozi ya karibuu, aina ya kulungu wa nchi za baridi. Zipokee. Koti la dukani linatosha kuzunguka mjini Iqaluit, lakini kukaa saa nzima juu ya sleji, yaani kigari cha kuteleza kwenye theluji, nyuzi 35 chini ya sifuri na upepo usoni, ni habari nyingine.

Ngozi nzuri ya nguo ni ya mnyama aliyewindwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, manyoya yakiwa yamesongamana lakini bado mafupi. Ya katikati ya majira ya baridi ni nzito mno, hutandikwa kitandani. Kila unywele una hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo kinga.

Makoti huvaliwa mawili: la ndani manyoya yake yakigusa mwili, la nje manyoya yakitazama nje. Usijazie masweta katikati, utaibana hewa. Hayana zipu kifuani, huvaliwa kwa kupitisha kichwa. Ukianza kuhisi joto, hasa mnaposukuma sleji kwenye barafu iliyovunjikavunjika, rudisha kofia ya koti nyuma ili joto litokee shingoni. Fanya hivyo kabla jasho halijatoka. Likishalowesha nguo, mkisimama tu baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa.

Wageni wengi huharibia mlangoni. Usiingie sebuleni na koti la nje. Livue kwenye kibaraza kisicho na joto, ulipige kwa fimbo mpaka theluji na sakitu vianguke vyote; kagua kwapani, kwenye pindo na kuzunguka kofia. Vikiyeyukia ndani, ngozi inalowa na manyoya yananyonyoka. Likikauka liache hapohapo kwenye baridi. Likiwa limelowa, tafadhali usilianike karibu na jiko: ngozi itasinyaa, ikauke kama ubao, na mama aliyeishona atalazimika kuikwangua na kuilainisha upya, kazi ngumu ya mikono. Litundike mbali na moto likauke polepole, huku ukilivutavuta.

Kamiik, yaani viatu vya ngozi ya sili, toa soksi zake kila usiku uzikaushe. Mshono ukifumuka usijishonee. Mafundi hupitisha sindano nusu ya unene wa ngozi, isitokeze upande wa pili. Ukiitoboa ngozi yote, maji yatapenya kwenye matundu hayohayo. Mrudishie mwenyewe, umwonyeshe palipofumuka.