Ukoko mweusi mwambani

Mwanangu,

Picha nimeipata. Umeuliza ule weusi juu ya mwamba unaitwaje. Kabla ya jina, niambie umeuona wapi: kunakolowa kila siku, pale maji ya bamvua yanapoishia, au juu zaidi kunakofika rasharasha tu? Siku zote nasema, mahali kwanza, rangi baadaye.

Kwenye pwani za baridi za kaskazini, ukoko mweusi uliojitandaza kama mkanda pale bamvua inapoishia mara nyingi ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, iitwayo Hydropunctaria maura. Vitabu vya kabla ya 2009 huiandika Verrucaria maura. Juu yake huanza mkanda wa rangi ya chungwa, kuvumwani Flavoplaca marina (zamani Caloplaca marina) na jamaa zake. Chini ya maura huwa Wahlenbergiella mucosa (zamani Verrucaria mucosa): kijani iliyokolea, laini, ukingo wake mara nyingi mweupe.

Watu huidhani lami. Babu yako aliidhani lami. Unaukumbuka ule mwamba alioukwangua kwa brashi ya waya asubuhi nzima, akiamini meli imemwaga mafuta? Huniuma hadi leo, maana kuvumwani nyingi za ukoko haziongezeki hata milimita 2 kwa mwaka. Nimlaumu vipi, kwa mbali nani angejua? Lakini hapana, angeinama.

Wewe inama. Shika lenzi ya kukuza mara 10, iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza uso kwenye jiwe. Maura imepasukapasuka kama tope lililokauka, na ina vinundu vyenye kitundu kileleni. Humo ndimo spora, chembe za uzazi za kuvu, zinamotoka. Lami haina vinundu, hulainika juani, na ukiisugua kwa pamba yenye mafuta ya taa, pamba hugeuka kahawia. Ukoga wa bakteria nao ni mweusi, ila ukilowa huteleza, na kwa ukucha unabanduka. Shaka ikibaki, kwangua kwa wembe kipande kisichozidi punje ya mchele, ukilowanishe: kuvumwani itaonyesha ukijani wa mwani wake.

Picha yako umeipiga ukiwa umesimama, tena mwamba umelowa na unang'aa, vinundu havionekani. Natamani sana kuandika maura. Siandiki. Rudi maji yakipwa na mwamba ukiwa mkavu, weka rula ubavuni, piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha huo mkanda wa chungwa uko juu yake kwa kiasi gani.

Mama yako