Mzee Amepewa Mwaka Mmoja: Hesabu Hiyo Ina Maana Gani?

SWALI: Baba yetu ana miaka 71. Alikuwa fundi wa kuezeka, na kwa miaka mingi alikata mabati ya asbesto kwa msumeno wa mkono bila kujifunika pua. Mwezi uliopita alitolewa maji kifuani, kisha kipimo cha nyama kikaonyesha mesotelioma. Daktari alituambia wagonjwa wa aina hii huishi takriban mwaka mmoja. Ndugu zangu sasa wanataka kiwanja kiuzwe, na mama, aliyekuwa akikung'uta na kufua nguo zake za kazi, anaogopa kula naye sahani moja. Je, tumebakiwa na mwaka mmoja tu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole sana ndugu yetu, na utufikishie salamu kwa mzee na mama. Nianze na mama: saratani hii, inayoota kwenye utando unaofunika mapafu, haiambukizi, kwa hiyo ale na mumewe bila hofu yoyote. Hata hivyo vumbi la nguo zile lilimfikia yeye pia, na kwa kuwa ugonjwa huu hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi la asbesto, inafaa amweleze daktari wake habari hiyo, hasa akianza kukosa pumzi au kuumwa kifua.

Sasa huo mwaka mmoja. Daktari hakuwadanganya, lakini hakuwatajia siku ya mzee. Wapange wagonjwa 100 kwa mstari, kuanzia aliyefariki mapema zaidi hadi aliyeishi muda mrefu zaidi. Mwaka mmoja ni muda alioishi yule wa katikati. Walio baada yake wametawanyika mbali, wengine wakivuka miaka 2 au 3, na nchini Marekani takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya kugunduliwa. Mwanasayansi wa huko, Stephen Jay Gould, aligunduliwa mesotelioma ya tumbo mwaka 1982 akiwa na miaka 40, akasoma kwamba nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miezi 8. Alifariki mwaka 2002, tena kwa saratani nyingine. Simtaji ili kuwapa ahadi, kwani alikuwa kijana kuliko mzee wenu na ugonjwa wake ulikuwa mahali pengine mwilini. Namtaja kwa sababu aliuliza swali ambalo nanyi mnapaswa kuuliza: mgonjwa huyu amesimama wapi kwenye mstari?

Jibu la kwanza limo kwenye karatasi ya kipimo cha nyama. Tafuteni aina ya chembe za saratani: iitwayo epithelioidi ndiyo ya kawaida zaidi na wenye nayo huishi muda mrefu zaidi, ilhali sarkomatoidi ni kali, na iliyochanganyika iko kati ya hizo mbili. Halafu muulizeni daktari ugonjwa umeenea hadi wapi, na mwelezeni kwa ukweli kama mzee bado anaoga, anavaa na kutembea bila msaada, kwa maana nguvu hizo ndizo huamua kama atastahimili dawa. Mchanganyiko wa dawa za tibakemikali, sisplatini na pemetreksedi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2003, ulisogeza muda wa mgonjwa wa katikati kutoka miezi 9 hadi 12. Tiba ya nivolumabu na ipilimumabu, dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, iliufikisha miezi 18 dhidi ya 14 ya tibakemikali, na waliofaidika zaidi ni wale wenye chembe zisizo epithelioidi. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, nami nasikitika kuliandika hilo, lakini afadhali mlijue kabla ya kuanza kuchangishana.

Kuna jambo moja lisilopaswa kungoja majibu hayo. Maji yakirudi kifuani mzee atahema hata akiwa amekaa, na kuyatoa humpa nafuu siku hiyo hiyo. Ombeni mapema apelekwe kwa wahudumu wa tiba shufaa, ambao hutuliza maumivu na kukosa pumzi, naye akiendelea na matibabu mengine.

Kuhusu kiwanja, waombeni ndugu zenu wasubiri hadi mtakapoketi na daktari mkiwa na karatasi ile mkononi, na mzee mwenyewe awepo, kwa kuwa bado ana akili zake na mali ni yake.