Mwalimu wa Wagani Naye Anajifunza Wapi?

Barua nyingi tulizopokea kwa safu ya toleo hili zimetoka kwa watu ambao kazi yao haizungumzwi sana: wanataaluma wa vyuo vikuu wanaowafundisha maafisa ugani na wakulima nje ya madarasa ya shahada. Tumechagua nne, tukazifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Swali: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimojawapo, na nimepangiwa kitengo kinachotoa mafunzo kwa maafisa ugani wa kata na, mara nyingine, kwa wakulima wenyewe. Shahada yangu ya uzamili ni ya sayansi ya mimea. Nimehudhuria semina kadhaa za mbinu za kufundisha na vyeti ninavyo, lakini nikisimama mbele ya maafisa ugani wenye umri wa baba yangu najikuta natoa mhadhara uleule ninaowapa wanafunzi wa mwaka wa pili. Nijiendeleze vipi? — *Msomaji, Nyanda za Juu Kusini*

Jibu: Ndugu msomaji, semina zako hazikukusaidia kwa sababu, kwa kadiri unavyozieleza, nazo zilikuwa mihadhara. Ulikaa ukumbini, ukaelezwa kwamba mtu mzima hafundishwi kwa kuhubiriwa, ukasaini karatasi ya mahudhurio na ya posho, ukarudi kazini bila mtu yeyote kukuona ukijaribu. Mmarekani Malcolm Knowles, ambaye tangu miaka ya 1970 maandishi yake yalisambaza sana fikra za elimu ya watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake na hujifunza kwa bidii lile analolihitaji sasa. Fikra hiyo ukishaisoma unaielewa kwa nusu saa. Kuitenda mbele ya watu ndiyo kazi ya miaka.

Chukua mfano wa kiwavijeshi vamizi, ambaye aligunduliwa barani Afrika mwaka 2016 na kufika katika mahindi yetu muda mfupi baadaye. Mhadhiri aliyesomea wadudu ataanza na mzunguko wa maisha: yai, kiwavi, pupa, nondo. Afisa ugani aliyeketi mbele yake, hata hivyo, amekwisha kuulizwa na wakulima kama majivu au mchanga ukitiwa katikati ya majani machanga ya mmea wa mahindi unamuua kiwavi, amekwisha kutoa jibu, na pengine anaogopa kwamba jibu lile halikuwa sahihi. Anza na jibu lake. Mwambie kila mmoja aje na majani yaliyoliwa kutoka katika kata yake na aeleze alichomshauri mkulima na kilichotokea baadaye. Mzunguko wa maisha utahitajika dakika chache tu baadaye, pale mmoja wao atakapouliza kwa nini dawa aliyoipendekeza haikufanya kazi, nawe utamwonyesha kwamba kiwavi aliyekwisha kukua hujificha ndani ya mmea mahali ambapo dawa haimfikii. Sayansi ni ileile, ila sasa inajibu swali la mtu.

Ufundi huu hupatikana shambani, na ushahidi wake unatoka mbali kidogo. Nchini Indonesia, ruzuku ya viuatilifu ilikuwa imewafanya wakulima wa mpunga wanyunyizie kupita kiasi, wakawaua buibui na wadudu wengine wanaowala waharibifu, na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga akaongezeka ghafla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika mpunga, na mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanza mashamba darasa ambamo kundi la wakulima lilikutana kila wiki kwa msimu mzima, likahesabu wadudu, likachora lilichokiona na kuamua lenyewe la kufanya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 utaratibu huo ulifika Kagera, magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Jambo ambalo husahaulika linapohadithiwa ni namna wawezeshaji wa Indonesia walivyoandaliwa: kabla ya kuwaongoza wakulima, nao walipitia mafunzo ya msimu mzima na kulima mpunga kwa mikono yao, kuanzia kitalu hadi mavuno. Sisi tuliyapokea mashamba darasa, lakini sehemu hiyo ya maandalizi mara nyingi tuliibana ikawa semina ya siku chache hotelini, kisha tukashangaa kuona shamba darasa limegeuka kuwa hotuba iliyohamishiwa chini ya mti.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba msimu ujao uombe kipande kidogo cha ardhi karibu na afisa ugani mmoja unayeelewana naye, mlime pamoja, na umfuate katika ziara zake bila kuwa msemaji. Kisha mwalike mwenzako mmoja wa idarani, na huyo afisa ugani pia, waje wakutazame unapoendesha mafunzo. Wape jambo moja tu la kuangalia, kwa mfano muda ulioongea wewe na muda walioongea washiriki. Wakikuambia kwamba uliongea dakika hamsini katika saa moja, utakuwa umejifunza jambo ambalo vyeti vyako vyote havikukuambia. Najua kwamba kuangaliwa na mtu aliye chini yako kwa cheo kunaumiza katika utamaduni wa vyuo vyetu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya njia hii isitumike, kuliko ukosefu wa fedha.

Usisahau pia kwamba wakulima wenyewe wana taasisi zinazoweza kukufundisha. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wenye makao yake Morogoro, ulianza mwaka 1993 kwa mchango wa watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na msingi wake ni mkulima kumfundisha mkulima. Mkufunzi wa chuo anayekwenda katika mikutano ya namna hiyo kusikiliza tu, bila mada ya kuwasilisha, hurudi na maswali ya kutosha kwa mafunzo ya mwaka mzima.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Marekani, na nimeajiriwa na chuo kikuu cha jimbo kama mwalimu wa ugani katika ofisi ya kaunti. Huku mafunzo ya kujiendeleza ni sehemu ya mkataba: kila mwaka naandika mpango wa kujifunza, nina mlezi wa kikazi, na napewa muda wa kuufuata. Ningependa kusaidia chuo kimoja cha nyumbani kuanzisha utaratibu kama huu. Nianzie wapi? — *Msomaji, Marekani*

Jibu: Anza kwa kutambua kwamba mfumo unaokulipa mshahara uliundwa kwa sheria ambayo sisi hatuna mfano wake. Sheria ya Smith-Lever, iliyosainiwa na Rais Woodrow Wilson mwezi Mei 1914, iliweka ugani mikononi mwa vyuo vikuu vya majimbo vilivyotokana na sheria ya 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo, na gharama zikagawanywa kati ya serikali ya shirikisho, jimbo na kaunti. Wewe, ofisini kwako kaunti, ni mtumishi wa chuo kikuu. Chuo kikitaka ujifunze jambo, kinakuagiza. Tanzania afisa ugani wa kata ni mtumishi wa halmashauri, halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, sera inatoka Wizara ya Kilimo, na chuo kikuu kinabaki mwalikwa. Kenya nako, tangu Katiba ya 2010, ugani umekuwa kazi ya serikali za kaunti. Mpango wako wa mwaka ukiuleta kama ulivyo, utawapata wahadhiri pekee, na nusu ya pili ya kazi itabaki nje.

Kuna sehemu ya historia ya huko, hata hivyo, ambayo inatufaa zaidi kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1903, karibu na Terrell, Texas, mtaalamu wa kilimo Seaman Knapp alimshawishi mkulima mmoja alime kwa mbinu mpya katika shamba lake mwenyewe, huku wafanyabiashara wa mji wakichanga fedha za kumfidia endapo angepata hasara. Mwaka 1906, Tuskegee, Alabama, kwa ubunifu wa mtaalamu wa kilimo George Washington Carver, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi kilipakia zana, mbegu na vifaa vya maziwa kwenye gari la kukokotwa na wanyama, likazunguka mashambani kwa wakulima wasioweza kufika chuoni. Thomas Monroe Campbell, aliyekuwa amesomea palepale, aliajiriwa mwaka huohuo kuliendesha, akawa afisa ugani wa kwanza mweusi wa nchi hiyo. Haya yote yalifanyika kabla ya sheria ya 1914, tena kwa fedha chache na bila kaunti nyingi kushiriki.

Kwa hiyo badala ya kuanza na mwongozo wa kurasa mia, washawishi mkuu mmoja wa idara na mkuu wa kilimo wa halmashauri moja wakubaliane kwa maandishi juu ya jambo moja: kwamba wahadhiri wawili na maafisa ugani wanne watajifunza pamoja kwa mwaka mmoja, na kwamba safari zao hazitahesabiwa kuwa utoro na upande wowote. Wewe unaweza kuwa mlezi wao kwa simu. Chuo Kikuu cha Sokoine kina taasisi ya elimu ya kuendelea tangu 1988, na ni busara kuwauliza wenyeji hao kabla ya kubuni kilichokwisha kubuniwa.

Tazama pia mpango wa Sasakawa, ulioanzia Chuo Kikuu cha Cape Coast, Ghana, mwaka 1993 na baadaye ukaingia Sokoine na vyuo vingine vya Afrika. Unawarudisha chuoni maafisa ugani walio katikati ya utumishi, kisha kuwatuma tena katika maeneo yao kutekeleza mradi unaosimamiwa na walimu. Husifiwa kwa faida anayoipata afisa. Mimi huutazama kwa jicho jingine: mwalimu anayelazimika kumfuata mwanafunzi wake hadi kijijini, na kumkuta ni mtu anayeheshimika kuliko yeye mwalimu, anapata mafunzo ambayo chuo hakikuyapangia bajeti.

Swali: Ndugu Mshauri, katika chuo chetu upandishaji cheo unatazama machapisho. Kazi ya ugani inatajwa kwenye fomu, lakini alama zake ni kidogo. Kwa nini nijiendeleze katika kazi isiyonipandisha? — *Msomaji, Kenya*

Jibu: Swali lako ni la haki na sitakujibu kwa kukuhimiza kujitolea. Mwaka 1990 Ernest Boyer, aliyekuwa rais wa taasisi ya Carnegie ya Marekani inayoshughulikia ufundishaji, alipendekeza kwamba usomi uhesabiwe katika sura nne: ugunduzi, uunganishaji wa maarifa, utumiaji na ufundishaji. Vyuo vingi vilimsifu na vikaendelea kuhesabu makala. Sababu moja ni uzembe wa kamati. Sababu ya pili, ambayo sisi wenyewe hatupendi kuitaja, ni kwamba taarifa zetu za ugani hazisomeki kama usomi. Tunaandika kwamba wakulima 120 walifundishwa, tunaambatisha picha wakiwa wamevaa fulana za mradi, basi.

Claude Bennett, mtaalamu wa tathmini katika ugani wa Marekani, alipanga mwaka 1975 ngazi saba za ushahidi: rasilimali zilizotumika, shughuli zilizofanyika, watu walioshiriki, maoni yao, mabadiliko katika ujuzi, mtazamo, stadi na matarajio yao, mabadiliko katika utendaji, na hatimaye matokeo katika maisha yao. Taarifa nyingi nilizosoma huishia ngazi ya tatu. Zilizo hodari hugusa ya nne kwa dodoso lililojazwa wakati watu wanasubiri chakula. Mtu anayerudi baada ya msimu kuangalia ni wangapi waliobadili nafasi kati ya mistari ya mahindi, na kwa nini waliobaki hawakubadili, yuko ngazi ya sita, na anayo makala mkononi. Kwa hiyo stadi ya kwanza ya kujiendeleza kwako ni tathmini. Jifunze kuuliza maswali machache kabla ya mafunzo na kuyarudia baada ya msimu, kulinganisha na kijiji ambacho hakikufikiwa, na kuandika pamoja na afisa ugani aliyekusanya takwimu, jina lake likiwa miongoni mwa waandishi. Yapo majarida yanayopokea kazi za aina hii, likiwamo jarida la ugani la Marekani linalochapishwa tangu 1963.

Fomu ya chuo chako, hata hivyo, haitabadilishwa na makala yako. Itabadilishwa na seneti ya chuo, na kwa hilo mnahitaji kuwa zaidi ya mmoja.

Swali: Je, kozi za mtandaoni zinafaa kitu kwa mwalimu wa ugani aliye mbali na miji? — *Msomaji, Kigoma*

Jibu: Zinafaa kwa maarifa, hazitoshi kwa stadi. Jukwaa la kimataifa la huduma za ushauri vijijini, GFRAS, limeandaa moduli za bure kwa ajili ya wagani, zikiwamo za uwezeshaji, vikundi na usimamizi wa miradi. Zipakue siku unapofika mjini, uzisome ukiwa nje ya mtandao. Kundi la WhatsApp la wenzako watano linaweza kukufaa kuliko kozi ndefu iwapo mtakubaliana kwamba kila mwezi mmoja wenu ataweka sauti ya dakika tano iliyorekodiwa wakati akifundisha, kwa idhini ya washiriki, na wengine watasema walichokisikia. Msizidi watano au sita. Kundi likikua, salamu za asubuhi na matangazo ya harusi yatawashinda.