Mwalimu Ajibu: Puto la Jules Verne lilipoondoka Unguja

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Jules Verne, mwandishi wa riwaya Mfaransa aliyezaliwa Nantes mwaka 1828 akafia Amiens mwaka 1905. Barua zilizonijia zimezidi zile za bei ya umeme. Nimechagua nne.

Mwalimu, hujambo? Nilimnunulia mwanangu wa Gredi ya Sita kitabu cha Verne, kile cha wiki tano ndani ya puto, kwa wauza vitabu vya mitumba wa hapa mjini. Juzi akaniuliza mbona kinasema Waafrika na nyani hawatofautiani. Nilikosa jibu, nikakificha juu ya kabati. Nifanyeje? – Mama Mzazi, South B

Sijambo, mama. Kishushe, ukae naye mkisome pamoja.

Mahali anapoulizia napajua. Puto limefungwa mtini, wasafiri wawili, Kennedy na Joe, wamekwenda kuwinda. Wanarudi mbio wakidhani kiongozi wao, Daktari Fergusson, amezingirwa na wenyeji, kumbe ni nyani. Ndipo wanapotaniana kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na Joe anadakia kwamba hata kwa karibu. Hilo ni tusi. Usilipake sukari. Mwambie mtoto kwamba aliyeliandika hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Kisha mrudishe mwanzoni. Kitabu kilitoka Paris Januari 1863, riwaya ya kwanza ya Verne kuchapishwa na Pierre-Jules Hetzel, na safari inaanzia kwetu, Unguja, tarehe 18 Aprili 1862. Puto linapita Kaze karibu na Tabora, linavuka Ziwa Ukerewe (ndilo Viktoria), linaufuata Nile, linageukia Ziwa Chad na Timbuktu hadi Mto Senegal. Wasafiri wanauona Nile ukitoka ziwani mwezi Aprili 1862. Speke, mpelelezi wa kweli, Mwingereza, alifika kwenye maporomoko ya hapo tarehe 28 Julai mwaka huohuo, na kitabu kilipotoka alikuwa bado njiani kurudi, habari zake hazijafika Ulaya. Verne alisoma taarifa za safari ya awali ya Speke na mwenzake Burton, akatazama ramani, akakisia mto unatokea wapi. Akapata.

Nilifundisha fizikia Eastlands kwa miaka mingi, na kila karatasi ya mtihani nilikuwa naandika juu: onyesha hesabu zako. Verne ni mwanafunzi wa aina hiyo. Anakwambia puto limejaa hidrojeni, na kwamba daktari haongezi wala hapunguzi gesi. Anaipasha moto itanuke puto lipande, anaiacha ipoe lishuke. Moto wenyewe unatokana na maji yanayotenganishwa kwa betri kuwa hidrojeni na oksijeni, ambazo huchomwa tena. Hapo mwanao anaweza kumkamata! Nishati yote hiyo lazima itoke kwenye betri, na betri za kutosha wiki tano zingelikalisha puto chini pale pale Unguja. Lakini mtoto anamkamata kwa sababu hesabu ziko wazi mbele yake.

Sasa mwonyeshe pale hesabu zilipokosekana. Watu wa Unguja wanataka kulizuia puto eti kwa sababu wanaabudu jua na mwezi. Unguja hii hii ya Sultani Majid, yenye misikiti na vyuo vya Kurani kila mtaa, ambako mwezi unatazamwa ili watu wajue kama kesho wanafunga! Taarifa za mtu mmoja tu aliyeishi pale zingetosha kumrekebisha. Kwenye gesi aliuliza, kwenye watu hakuuliza. Ukimweleza mwanao hivyo atakuelewa, maana watoto wa Gredi ya Sita wanajua sana nani kanakili na nani kafanya kazi mwenyewe.

Ongeza na habari za Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi, akatembea na Burton na Speke kwa miguu njia ileile ambayo puto lilipita juu.

Shikamoo Mwalimu. Mwalimu wetu wa fasihi anasema Verne alitabiri safari ya kwenda mwezini. Kuna utabiri kweli au ni bahati? – Kidato cha Nne, Kayole

Marahaba. Si utabiri, na bahati imo kidogo tu.

Kitabu ni cha mwaka 1865. Wamarekani wanachimba mzinga ardhini Florida, urefu futi 900, yaani mita 274 hivi, wanarusha kombora la alumini lenye watu watatu ndani. Kwenye kitabu kinachofuata wanauzunguka mwezi na kuanguka Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1969 watu watatu walitoka Florida, wakaenda, wakaangukia Pasifiki, na Neil Armstrong alimtaja Verne kwenye matangazo wakiwa njiani kurudi.

Kwa nini Florida? Verne alitaka mzinga ulenge wima, na mwezi hupita utosini kwa wale tu walio kati ya nyuzi 28 kaskazini na 28 kusini. Marekani ya wakati ule, sehemu zilizoshuka hadi huko zilikuwa Texas na Florida, na kitabuni zinagombania hasa. Roketi za kweli zinaipenda ikweta kwa sababu nyingine: pale dunia inajizungusha kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo chombo kinachoelekezwa mashariki kinaondoka na mwendo wa bure.

Nawe shika kalamu. Kombora lazima lifikie karibu kilomita 11 kwa sekunde ndani ya mita 274. Kasi mraba, gawanya kwa urefu mara mbili: mchapuko ni mita 220,000 kwa sekunde mraba, zaidi ya mara 20,000 ya mvuto wa dunia. Verne aliweka maji chini ya sakafu yapunguze mshtuko. Wapi! Mashujaa wake wangekuwa uji kabla moshi haujatoka. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, aliyempenda Verne tangu ujana, aliachana na mzinga, na mwaka 1903 akachapisha hesabu za roketi. Ndiyo sifa ninayompa Verne: kosa lake lilisahihishika.

Na kabla hujanung'unika kwamba mambo haya ni ya Wazungu, mimi ni mzaliwa wa Malindi. Pale Ngomeni, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, San Marco, na setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, ikaruka nyingine iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksrei kutoka angani. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023. Kutoka California. Nawaachia mlio Kidato cha Nne mlifikirie hilo.

Mwalimu, mimi makanga wa matatu. Tuliona filamu ya Kapteni Nemo, nikamwambia dereva ile nyambizi ilizama ligi 20,000. Amekataa. Anayeshindwa ananunua nyama choma. – Umoja

Nunua. Nemo naye ni wa Verne, na ligi yake (si ya soka) ni kilomita 4, kwa hiyo 20,000 ni kilomita 80,000. Kipenyo cha dunia hakifiki kilomita 13,000. Ungetokea upande wa pili na kuendelea kwenda. Ligi 20,000 za jina la kitabu ni urefu wa safari chini ya maji, mara mbili ya mzingo wa dunia.

Mkiwa mnakula, mweleze dereva jambo ambalo filamu nyingi hulificha. Verne alitaka Nemo awe Mpolandi aliyeuliwa jamaa zake na Warusi, lakini Hetzel akakataa, maana vitabu vyao viliuzwa Urusi. Nemo akabaki bila kwao hadi riwaya ya kisiwa cha ajabu ya 1874 na 1875, anapojitambulisha: ni Mwanamfalme Dakkar, Mhindi aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857. Mwandishi yuleyule wa utani wa nyani, miaka kumi na kitu baadaye, aliweka chombo bora kuliko vyote duniani mikononi mwa mtu aliyetawaliwa. Siwezi kuwapatanisha hao wawili, na sijaribu.

Mwalimu, je, kwa Kiswahili tunaye wa namna hii? – Msomaji, Kariobangi

Wa namna hii hasa, sijamwona. Anza na Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kufungiwa ndani ya chombo cha angani, chombo kinaruka, naye badala ya kufa anajifunza kukiendesha na kutua kwenye jamii isiyo na mabwana. Ukimuuliza Mkangi injini inatumia nini, hakujibu, hilo halikumhusu. Alikuwa mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini enzi za Moi, na hesabu alizofanya ni za watu: nani anakula, nani analala njaa, nani anasaini hukumu. Upande huo kampita Verne mbali.

Ninayemtaka mimi ni wa kufanya zote mbili, na chombo chake kiondokee Ngomeni. Kama ni wewe, niletee hadithi isiyozidi kurasa kumi. Hesabu ziwe kwenye karatasi ya pembeni, nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu.